Kuendesha Linux bila madirisha: Debian kwa kibodi pekee

Laptopu yenye RAM ya GB 2 ikiwaka na GNOME (programu inayoleta madirisha, vitufe na kipanya kwenye skrini) huanza kukwama kabla hujafungua chochote. Ukiizima hiyo GNOME, mashine ileile inapumua, kwa sababu Debian bila madirisha hutumia RAM kidogo sana. Nimeandika kwa kufuata Debian 12, mojawapo ya aina za Linux. Kwenye Debian 13 na Ubuntu amri karibu zote ni zilezile. Hatufuti kitu. Tunazima sehemu ya madirisha tu, na ukiitaka unaiwasha tena.

Hatua ya 1: Pakua zana ukiwa bado na madirisha

Fungua Terminal (programu ya kuandikia amri) na ufanye hivi mapema, intaneti ikiwa inashika; sudo mbele ya amri inaipa mamlaka ya msimamizi:

sudo apt update
sudo apt install network-manager tmux w3m nano mpv pandoc poppler-utils udisks2 brightnessctl

Kama sudo inakugomea kwa madai kwamba jina lako halimo kwenye sudoers (orodha ya wanaoruhusiwa kutumia sudo), basi siku ya kuweka Debian root, yaani msimamizi mkuu, alipewa nywila yake. Andika su - (usisahau hicho kistari), kisha adduser ukifuatisha jina lako na neno sudo. Toka, ingia upya, endelea.

Hatua ya 2: Zima madirisha kwa majaribio

Hifadhi kila ulichokuwa unafanya, halafu:

sudo systemctl isolate multi-user.target

Kila kitu kitafungwa papo hapo na utaulizwa jina na nywila kwenye skrini nyeusi. Ukiona weusi mtupu, bonyeza Ctrl+Alt+F2. Nywila haionekani unapoiandika, hata nyota hakuna. Kibodi ni nzima, andika tu. Maandishi yakiwa madogo mno, sudo dpkg-reconfigure console-setup itakupa orodha za kuchagua: chukua UTF-8, acha seti ya herufi ilivyo, kisha Terminus, kisha 16x32. Macho yatakushukuru. Na kwa kuwa Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, skrini hii haitakusumbua kwa maandishi ya aina hiyo.

Ukiridhika, agiza laptopu iwe inawaka hivi kila siku:

sudo systemctl set-default multi-user.target

Hatua ya 3: Wi-Fi

nmcli device wifi list
nmcli --ask device wifi connect "JinaLaMtandao"

Wengi huandika nywila ndani ya amri yenyewe. Mimi sipendi: inabaki kwenye historia ya amri, na yeyote atakayeshika laptopu yako akabonyeza mshale wa juu mara chache ataisoma. Ukiweka --ask, unaulizwa pembeni. Ukinyimwa ruhusa, tanguliza sudo. Mtandao ukishakubali, utajiunga wenyewe siku nyingine.

Hatua ya 4: Gawa skrini kwa tmux

Bila tmux utachoka mapema. Andika tmux, kisha bonyeza Ctrl+b, achia, halafu %: skrini inagawanyika mara mbili, kushoto na kulia. Ctrl+b na alama ya " inagawanya juu na chini. Kuhama kipande, Ctrl+b na mshale. Ukurasa mpya, Ctrl+b na c. Kurudi ule wa kwanza, Ctrl+b na 0. Ctrl+b na d inakutoa huku kazi zikiendelea nyuma, na tmux attach inakurudisha ulipoachia. Lakini tmux inaishi kwenye RAM. Umeme ukikatika na betri yako ni ya jina tu, imeondoka na kila kitu, kwa hiyo ndani ya nano (programu ya kuandikia maandishi) zoea kuhifadhi kwa Ctrl+O kisha Enter kila baada ya aya.

Hatua ya 5: Flashi

Hapa ndipo watu hupoteza mafaili. Chomeka flashi, kisha:

lsblk -o NAME,SIZE,TYPE,MOUNTPOINTS

Utaona diski ya ndani, sda au nvme0n1, yenye vipande vyake. Pia kutakuwa na kitu kama hiki:

sdb      14.9G disk
└─sdb1   14.9G part

Hiyo ndiyo flashi ya GB 16. Lsblk huhesabu kwa 1024, ndiyo maana inaonekana pungufu. Itambue kwa ukubwa wake, usikariri herufi, maana kesho inaweza kuwa sdc. Ifungue:

udisksctl mount -b /dev/sdb1

Utajibiwa ilipowekwa, ndani ya /media. Nakili kwa cp -v, na jina refu la folda limalizie kwa kitufe cha Tab. Sasa subira: cp inaweza kusema imemaliza huku data nyingine bado iko kwenye RAM. Ukichomoa hapo, mwenzako atafungua faili tupu. Malizia hivi:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb

Amri ya kwanza ikichelewa kurudi, usiiguse. Ndiyo inaandika.

Hatua ya 6: Kazi za kila siku

Barua naiandika kwa nano, halafu naigeuza kuwa faili ya Word kwa pandoc barua.md -o barua.docx, na anayeipokea hajui ilikotoka. PDF uliyotumiwa isome kwa pdftotext -layout faili.pdf - | less. Kama LibreOffice ipo, libreoffice --headless --convert-to pdf barua.docx hufanya kazi hata bila madirisha. Video ni mpv --vo=drm na jina la faili. Mwanga wa skrini, brightnessctl set 40%. Betri, cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity. Kwenye mashine nyingine ni BAT1.

Kwa kuperuzi kuna w3m: Tab kuruka kiungo hadi kiungo, B kurudi nyuma, U kuandika anwani, q kutoka. Haipakui picha, kwa hiyo bando linadumu. Ila haina JavaScript, na tovuti za benki, fomu nyingi za serikali na Google Docs hazitafunguka. Usipigane nazo. Tumia simu, au washa madirisha kwa muda huo tu:

sudo systemctl isolate graphical.target

Ukimaliza, rudia amri ya hatua ya 2, au zima kabisa kwa systemctl poweroff; ikiwaka tena itakuja bila madirisha.