Kusaini PDF kwa ufunguo uliotunzwa kwenye seva ya mbali

Chukua kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza kinachotuma Ulaya mkataba ulioskaniwa, faili la MB 25. Ufunguo wa siri wa mkurugenzi haupo ofisini. Anao mtoa huduma wa saini, ndani ya kifaa cha usalama ambamo ufunguo hautoki kamwe. Faili lenyewe halihitaji kupanda mtandaoni. Kinachosafiri ni hashi ya SHA-256, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili na inayobadilika faili likiguswa, baiti 32 tu, hivyo bando la simu linatosha na bei za mkataba zinabaki kwenu.

Maliza kwanza kila kitu: kurasa, fomu, hata picha ya saini itakayoonekana. Kisha programu itengeneze sehemu ya saini na kuacha nafasi iliyojazwa sifuri, iitwayo Contents. Pembeni yake huandikwa ByteRange, namba nne zinazoonyesha kipande cha kabla ya nafasi hiyo na cha baada yake. Hashi inapigwa juu ya vipande hivyo viwili.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkurugenzi anathibitisha kwa namba aliyotumiwa kwenye simu, labda baada ya dakika kumi kwa sababu mtandao umekatika, halafu programu inalitengeneza faili upya ili ipachike saini. Saa ya kusaini imebadilika, hashi si ile tena, saini inakataliwa. Hifadhi diskini faili lile lile lililopigiwa hashi, na saini ikirudi iandike ndani ya nafasi yake bila kugusa baiti nyingine.

Nafasi yenyewe isiwe finyu. PDFBox, maktaba ya programu ya kushughulikia PDF, huacha baiti 9,472 usipoiambia vinginevyo; mnyororo wa vyeti (cheti cha msaini na vya waliomthibitisha) ukiungana na muhuri wa muda (uthibitisho wa saa ya kusaini) unaweza kuzidi hapo. Sisi tunashauri 16,384, ambazo kwenye faili ni herufi 32,768 kwa kuwa kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili. Ikipungua haipanuliwi; mnaanza upya na kumsumbua bosi tena.

Kabla ya yote hayo, muulize mtoa huduma anarudisha nini. Akirudisha CMS kamili, yaani kifurushi chenye saini, vyeti na maelezo yake, pachika tu. Akirudisha saini tupu (ufunguo wa aina ya RSA wa biti 2048 hutoa baiti 256), CMS unaijenga mwenyewe, na hapo hausainishi hashi ya waraka bali hashi ya sifa zinazosainiwa, yaani orodha fupi ya maelezo ya saini, ambayo ndani yake mna hashi ya waraka. Sifa hizo zikipigiwa hashi lazima zianze na baiti 31 (kwa heksadesimali), ingawa ndani ya CMS zinaanza na A0. Omba pia cheti mapema, maana hashi ya cheti huingia kwenye sifa hizo.

Mkataba wa miaka mingi uongezewe muhuri wa muda wa kiwango cha RFC 3161 pamoja na majibu ya uhalali wa cheti, yanayoonyesha kwamba cheti hakijafutwa.

Faili lililosainiwa lisipelekwe steshenari kupunguzwa ukubwa, wala lisichapishwe na kuskaniwa tena: saini inakufa. Kwa WhatsApp, litume kama dokumenti. Msaini wa pili aongeze saini yake mwishoni mwa faili, asilihifadhi upya.

Mwisho lifungue kwa Adobe Reader kwenye kompyuta nyingine. Ikisema waraka umebadilishwa, rudi kwenye hashi. Ikisema tu kwamba msaini hatambuliki, waraka ni mzima; kinachokosekana ni cheti cha mtoa huduma kwenye orodha ya wanaoaminiwa na kompyuta hiyo.