Kwenda Joshi: Kijana wa Malindi Anapokwama Katika Misheni ya Ugenini

Upepo ukikujia usoni, chombo cha tanga hakilazimiki kurudi bandarini. Nahodha huenda joshi: hukata upepo kwa pembeni, kisha hubisha upande wa pili, na kila akibisha amesogea mbele kidogo. Kijana wa Malindi anayetumwa kuhubiri nchi ya mbali na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho atauhitaji ujuzi huo. Mvulana hutumikia miezi 24, msichana miezi 18, na katika muda huo upepo wa usoni ni lazima. Imani ndiyo tanga, na tanga huvutwa kwa mikono.

Mambo ya safari tuyapitie haraka. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na kadi yake ikae pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Viza ikichelewa, Kanisa huweza kukupangia kazi kwa muda mahali pengine. Wengi huanguka hapo: huishi kule kama abiria aliyekaa stendi, hawajifunzi majina ya watu, hawafungui begi. Fungua begi siku ya kwanza. Watu wa pale nao ni watu wa Mungu, na huenda viza ikachukua wiki nyingi.

Wiki nane kabla ya kuondoka, anza kulala saa nne na nusu usiku na kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hiyo ndiyo ratiba ya kawaida ya wamisionari, ingawa rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo hilo, anaweza kuibadilisha kufuata mazingira. Anayeanza kuizoea akiwa kule huongeza mzigo juu ya mzigo.

Mwili kwanza

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ukiiona chupa uliyopewa na mama imekuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa, jua kwamba ngozi yako nayo imeingia nchi nyingine. Vaa tabaka tatu: nyembamba inayobana mwili, ya sufu katikati, na ya juu isiyopitisha maji. Koti zito moja juu ya shati la pamba halitoshi, kwa sababu pamba ikilowa jasho hushika ubaridi. Soksi ziwe za sufu, na akiba yake ikae mfukoni. Viatu vikilowa, vijaze magazeti usiku kucha, uyabadilishe mara moja kabla ya kulala. Usiviweke karibu na hita. Ngozi hukakamaa ikapasuka, na wiki inayofuata maji yanaingia tena.

Tunaanza na viatu kwa sababu kijana anayetetemeka, aliyelala kwa muda wa saa nne tu na kushinda na mkate mkavu, ni mwepesi kusema Mungu amemwacha. Soma 1 Wafalme 19. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate ulioiva juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Baada ya hapo ndipo nabii alipotembea siku arobaini. Basi moyo ukizama, jiulize kwa mpangilio: nimelala? nimekula? nimekunywa maji? nina joto? Rekebisha hayo, kisha piga magoti.

Na homa ikikushika katika miezi ya mwanzo, mwambie daktari wazi kwamba umetoka pwani ya Kenya, eneo la malaria. Nchi za baridi daktari hudhani ni mafua tu, na malaria haingoji.

Mwenzi wako hajui mafumbo

Wamisionari hutembea wawili wawili na hawaachani. Kila mmoja amuone na amsikie mwenzake. Kwa maoni yetu, kikwazo kikubwa kuliko baridi na lugha ni huyu mtu mmoja unayeshinda naye na kulala naye nyumba moja.

Mtoto wa pwani amelelewa kusema kwa kupinda. Ukimuona mwenzio anaacha vyombo vichafu, unasema, "Leo naona nzi wamealikwa karamu." Malindi kila mtu ameshaelewa, na anayehusika amenyanyuka kuosha. Kijana wa Utah kule Marekani au wa Manila atacheka, au atatazama kama kweli kuna nzi. Wewe unaona amekudharau, unanuna. Yeye hajui kosa lake, anaona umebadilika tu. Siku kumi zikipita hivyo, hamuwezi kuomba pamoja bila kila mmoja kuihisi sala ya mwenzake kama kijembe.

Dawa yake ina hatua. Kila wiki mna muda wa kupanga kazi pamoja. Usiache uishie kwenye kalenda. Ombeni kwanza. Kisha anza na kosa lako, tena kosa lenyewe kwa siku na mahali: "Jumatano nilikukatisha ulipokuwa unamfundisha yule mama. Nisamehe." Halafu taja jambo moja, moja tu, unaloomba libadilike, kwa maneno yaliyonyooka: "Naomba tuoshe vyombo kabla ya kulala, kwa zamu. Leo naanza mimi." Usitumie "kila siku" wala "hata siku moja", maneno hayo humfanya mtu ajitetee. Nyamaza, msikilize naye. Funga kwa kutaja jema ulilomuona nalo wiki ile.

Kwa mtu wa kwetu, kunyooka hivyo huhisi kama kukosa adabu. Hapo ndipo imani inapoingia: Etheri 12:27, katika Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la Kanisa letu, huahidi kwamba anayejinyenyekeza mbele za Bwana atageuziwa udhaifu wake kuwa nguvu. Omba kabla ya kikao upewe maneno yasiyo na miiba, kisha yaseme hata kama sauti inatetemeka.

Mlangoni

Hapa una mtaji ambao wengine hawana. Umekulia mji ambao mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hurudi zake, wala haweki kinyongo. Ichukue adabu hiyo nzima. Anayefunga mlango hajakukataa wewe; pengine ana mgonjwa, pengine amechoka. Mkiwa mnashuka ngazi mtajeni katika sala fupi, kwa sauti ndogo. Kinachowaharibu wengi ni kuhesabu milango iliyofungwa na kuibeba mpaka jioni. Andika badala yake watu uliowasaidia siku ile, hata kama ni kubeba mfuko wa soko wa bibi mmoja.

Ukikaribishwa kahawa au chai ya majani, vinywaji ambavyo waumini wa Kanisa letu hawanywi, unajua tayari la kufanya, maana umeshakaa harusini na matangani Malindi huku kahawa chungu ikizunguka. Pokea ukarimu kabla ya kukataa kinywaji: shukuru, kaa chini, kisha omba maji, au mchaichai kama upo. Anayesema "hapana" akiwa bado amesimama humuumiza mwenyeji.

Lugha

Omba kwa lugha mpya tangu siku ya kwanza, hata kama una sentensi nne tu: kumwita Baba wa Mbinguni, kushukuru jambo moja, kuomba jambo moja, kumaliza kwa jina la Yesu Kristo. Kila siku badilisha neno moja katika shukrani na moja katika ombi. Sala huwa fupi na yenye makosa, na wengi huona aibu wakarudia Kiswahili. Kiswahili kibaki kwa sala zako za faragha.

Nia ya kufunga

Kufunga ni milo miwili mfululizo bila chakula wala maji, takriban saa 24, kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya mwezi. Majirani zetu Waislamu hutia nia kabla ya alfajiri ya Ramadhani. Nawe ianze saumu yako kwa sala inayotaja jambo moja: mtu fulani, ugomvi fulani, woga fulani. Saumu isiyo na nia huishia kuwa njaa. Mgonjwa, au aliye kwenye dawa za kumezwa na chakula, asifunge.

Ukitaka kurudi nyumbani

Mwaka 1933, kijana Gordon B. Hinckley akiwa mmisionari mpya Preston, Uingereza, aliugua mafua ya chavua, akakata tamaa, akamwandikia babake kwamba anapoteza muda na pesa za familia. Jibu lilikuwa fupi: jisahau, ukafanye kazi. Siku hiyo hiyo alikuwa amesoma Marko 8:35. Alipiga magoti, akaahidi kujitoa, akabaki. Mwaka 1995 akawa Rais wa Kanisa, na 1998 alifika Nairobi kuzungumza na waumini.

Ushauri ule ni mzuri kwa huzuni ya ugeni. Usiutumie kwa ugonjwa. Ikiwa wiki mbili zimepita huwezi kulala, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mpigie rais wa misheni leo. Mawazo ya kujidhuru yenyewe hayangoji hata usiku mmoja. Kutibiwa hakupunguzi imani, na anayerudishwa mapema kwa ugonjwa amerudi kwa heshima. Sisi wa nyumbani tumpokee hivyo.

Simu ya nyumbani ni mara moja kwa wiki, siku ya maandalizi, ile siku ya kufua, kununua vitu na kupumzika. Saa nne asubuhi Utah ni saa mbili usiku Malindi wakati wa baridi, na saa moja usiku wakati wa kiangazi chao. Uingereza iko nyuma yetu saa tatu, au mbili kiangazi. Kabla ya kupiga, andika mambo matatu ya kusimulia, moja liwe gumu. Ukificha yote, mama atalisikia kwenye sauti na hatalala. Ukimwaga yote, hatalala pia. Liseme lile gumu katikati, useme na hatua uliyochukua, kisha mwombe aombee jambo hilo kwa jina lake. Kabla ya kukata, ombeni pamoja kwenye simu, na umwache mama afunge sala.