Fremu Huhama, Udongo Hubaki: Namna ya Kuwajengea Waliopoteza Makazi

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Ngamiani, Tanga mjini. Nawaandikia mafundi wenzangu, na pia kamati za vijiji ambazo mvua ikishaharibu ndizo huulizwa kwanza: hawa watu watalala wapi? Oktoba 2019 maji yalipokata madaraja Handeni na Korogwe, kila mtu mkoani aliona jinsi familia inavyoweza kukosa nyumba kwa usiku mmoja. Jibu tulilozoea ni turubai. Turubai linasaidia wiki za mwanzo, lakini watu hukaa ugenini muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Tazama Wazigua wa Somalia, wenye asili ya huku kwetu, waliokimbia vita mwaka 1991: walipokelewa Mkuyu, Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo, humo humo wilayani. Waliokuja wakiwa watoto sasa ni wazazi.

Kwa hiyo nyumba tunayoitaka lazima ihimili mambo mawili. Isimame haraka, halafu ikubali kukua au kufunguliwa na kuhama na mwenyewe. Njia ninayoiamini ni kutenganisha mifupa na nyama: fremu za mbao zinatengenezwa karakana na kufungwa kwa bolti, na kiambaza cha udongo kinakandikwa palepale kiwanjani. Siku ya kuhama, udongo unabomolewa na kuachwa, fremu zinapanda gari.

Anza na kipimo. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka angalau mita 3.5 za mraba za kuishi kwa kila mtu, jiko halimo. Familia ya watu watano inahitaji 17.5. Fremu zetu zina upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4. Ukijenga 3.6 kwa 4.8 unapata 17.28, na wengi hapo huridhika. Mimi sikubali. Jenga 3.6 kwa 6, upate 21.6, na mtu wa sita akizaliwa bado mnatosha. Hiyo ni fremu 16 tu: tano kila ubavu, tatu kila kichwa. Familia ikiongezeka zaidi, unafungua kichwa kimoja, unakisogeza, unachomeka fremu mbili ubavuni, moja huku na moja kule. Nyumba imeongezeka mita 4.32 za mraba.

Fremu yenyewe ni ya mbao za inchi mbili kwa mbili zilizotiwa dawa, yenye vipande viwili vya kukatiza katikati. Zikisimama bega kwa bega, mbao mbili zinazogusana zikifungwa huwa nguzo ya mbili kwa nne kila baada ya mita 1.2, ndiyo maana mbao nyembamba zinatosha. Pembeni ongeza nguzo kamili, na fremu zote zilizo jirani na pembe ziwe na mbao ya mshazari, la sivyo upepo utaiegemeza nyumba. Pigilia fito pande zote mbili, ukiacha nafasi katikati ya kushindilia udongo. Fremu kavu ya namna hii haizidi kilo 25, watu wawili wanaibeba bila shida. Ikishajaa udongo inapita kilo 200, kwa hiyo usijaribu kukandika karakana.

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kutengemaa: matundu. Chukua ubao mmoja mnyoofu, toboa matundu matatu, uufanye kipimo cha fremu zote, asitoboe mtu kwa kukadiria. Bolti ni za milimita 10, tundu liwe la 11, na kila bolti iwe na washa zake. Kila ungio bolti tatu. Fremu yoyote lazima ikubali kukaa mahali pa nyingine ya aina yake. Isipokubali, irudi mezani.

Miti ya fito na makombamoyo, yaani miti ya kubebea paa, tafuta ya mvinje au mkaratusi. Mikoko usiiguse, kuikata kunataka kibali kisheria, na ndiyo inayotulindia ufuo. Kwenye udongo changanya katani iliyokatwa vipande vya sentimita nne au tano. Mkonge upo kwetu tangu ulipoletwa Pangani mwaka 1893, na nyuzi fupi zinazobaki viwandani zinazuia nyufa vizuri sana. Udongo ukikauka kabisa, siriba kwa chokaa.

Chini, inua nyumba futi moja na nusu juu ya mawe au tofali za zege, na nondo zilizozikwa kwenye zege zishike mbao za chini. Kati ya zege na mbao laza kipande cha bati kilichokunjwa kuelekea chini pande zote mbili. Mchwa hatashindwa kupanda, ila atalazimika kujenga njia yake nje, utaiona na kuivunja.

Ubavu mrefu uelekee kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni lipige vichwa tu, ambavyo havina madirisha. Kila ubavu uwe na madirisha mawili yanayotazamana na ya ng'ambo, ili kaskazi na kusi zipite ndani. Milango ni miwili, wa mbele na wa uani. Kuna wafadhili wanaofuta mlango wa uani ili kupunguza gharama. Usikubali. Kwa watu wa pwani uani ndiko mama anakopika, anakofua na kukaa na wenzake bila kutazamwa na wapita njia. Aliyekwisha kupoteza nyumba asinyang'anywe na stara. Waulize wanawake kabla hujachora.

Paa ni la bati, lenye upenu wa sentimita 80 kulinda kiambaza, na mkeka chini yake kupunguza joto. Makuti nayapenda, lakini nyumba zikisongamana moto mmoja unamaliza kijiji. Acha walau mita mbili kati ya nyumba na nyumba, ikiwezekana mara mbili ya kimo chake. Choo kisizidi mita 50 kutoka nyumbani.

Kila bati liandike namba kwa rangi, na papi zake pia, yaani mbao linazopigiliwa, ili likihamishwa lirudi kwenye matundu yaleyale na lisivuje.

Siku ya kukabidhi, kabla udongo haujakandikwa, iache familia ifungue fremu moja na kuirudisha yenyewe, wewe ukitazama tu. Waachie spana mbili namba 17, maana bolti moja hushikwa huku ikikazwa kule, nati za akiba, na karatasi ya namba za mabati.