Bustani ya maji ikiomba kupanuka: namna ya kufikisha hoja zenu kwa baraza la jiji

Watu wengi mtaani husubiri siku baraza linapoketi ndipo waende kulalamika mlangoni. Siku hiyo wameshachelewa. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, utaingia ukae usikilize, lakini wanaosema ni madiwani. Kazi ya mwananchi hufanyika wiki nyingi kabla. Mimi niko kwenye kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji, hapa Walukuba, Jinja, nchini Uganda, upande wa mazingira, na ningetamani kila mtaa wa kando ya ziwa uijue kazi hiyo.

Tuseme mwenye bustani ya michezo ya maji ameomba kuongeza bwawa na kusogea upande wa ziwa. Anzeni kwa kuomba karatasi. Maombi ya ujenzi yako kwa ofisa mipango wa jiji, na mradi wa namna hiyo ukiwa ufukweni unahitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo hupitiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwandikieni karani wa jiji, mkitaja Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Pelekeni masjala nakala mbili, na msiondoke kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri ule mtaambiwa barua haikufika, na hamtakuwa na la kujibu.

Karatasi zikipatikana, angalieni kwanza umbali. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka Ziwa Victoria na mita 100 kutoka mto Nile, na shughuli ndani ya eneo hilo zinataka idhini ya NEMA. Kipimo huanzia pale maji yanapofika yakiwa yamepungua, si kwenye ukuta wa bustani. Msitegemee mchoro peke yake. Chukueni kamba ya mita 50, mfunge fundo kila mita 10, mwende na mvuvi mzee anayejua maji hurudi mpaka wapi wakati wa kiangazi. Apigwe picha amesimama hapo, na kila kamba inapoisha pigilieni kijiti. Kisha ulizeni mashimo ya choo yatachimbwa wapi. Swali hilo nalishikilia sana, kwa sababu Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, na watu wa ufukweni waliona maji yakiingia vyooni na majumbani. Shimo lililo salama leo laweza kuwa ndani ya ziwa mvua zikizidi, na maji hayo hayo ndiyo watoto wetu wanaoga.

Halafu maji yatatoka wapi? Hapa pigeni hesabu, maana diwani huikumbuka hesabu kuliko malalamiko. Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha mita moja na nusu, linameza karibu lita 469,000. Hayo ni majerikeni zaidi ya 23,000 ya lita 20. Yakitoka kwenye bomba la mtaa, ulizeni litajazwa saa ngapi na sisi tutachota nini. Yakivutwa ziwani kwa pampu ya mota, lazima kuwe na kibali cha serikali cha kuvuta maji. Na yakichafuka yanamwagwa wapi? Maji ya kuoshea machujio ya bwawa yana klorini, na klorini inaua samaki. Jirani zetu wa Masese, hapa hapa ufukweni, wanaishi kwa samaki.

Mkiwa na majibu, au mkikosa majibu, itisheni mkutano wa kijiji. Zungumzeni Kiswahili kama kawaida yetu, ila muhtasari uandikwe kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya baraza. Waacheni na vijana wanaotaka ajira waseme. Bustani huajiri watu, na barua inayoficha hilo haitaaminika. Mimi mwenyewe sipingi bwawa. Nataka liwe na masharti yaliyoandikwa.

Barua iwe ukurasa mmoja: namba ya kiwanja, maswali yenu, masharti mnayoomba, sahihi na muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Nakala moja iende kwa karani wa jiji kwa ajili ya kamati ya mipango miji, nyingine NEMA, nyingine kwa diwani wenu. Diwani msimpe karatasi tu. Mpelekeni mpaka kwenye vile vijiti, aone kwa macho kabla hajasimama barazani.

Uamuzi ukitoka, ombeni nakala ya kibali pamoja na masharti yake. Kama hamkuridhika, Sheria ya Mipango Miji ya 2010 inaruhusu rufaa, kwa hiyo tarehe ya uamuzi iandikeni siku hiyo hiyo. Kama kibali kimetolewa, masharti yabandikeni kwenye ubao wa LC1, na gari la kwanza la mchanga likifika, nendeni mkapime tena kwa kamba ile ile.