Mkitaka kuasili mtoto Nairobi, msianze na kutafuta mtoto

Naandika hii kwa sababu karibu kila mwezi kuna mtu ananivuta kando, kanisani, saluni, hata kwa stage ya matatu, ananiuliza kwa sauti ya chini "lakini nyinyi mlimtoa wapi?" na hilo swali ndo linaonyesha mahali wengi tunakosea, juu sisi pia tulianza hivo hivo. Miaka saba ya ndoa, kliniki moja hadi nyingine, pesa ikaisha alafu na mwili ukachoka, jioni moja nikamwambia bwanangu tuadopti, na kesho yake asubuhi niko kwa simu napigia makao ya watoto nikiuliza kama wana mtoto mchanga. Mama aliyeshika simu aliniambia polepole, "mamangu, hapa watoto hawagawanywi, nendeni shirika la kuasili mchunguzwe kwanza." Nililia siku hiyo. Lakini alikuwa ameniambia ukweli wote: mtoto anakuja karibu mwisho wa hii safari, wa kwanza kutafutwa ni nyinyi.

Kwa hivyo kabla ya ofisi yoyote kaeni nyinyi wawili, simu mbali, mwongee mpaka yale mambo magumu yatoke. Mnataka wa umri gani, mvulana ama msichana, mko sawa na mtoto ambaye hakuna mtu anajua mamake wala kabila lake, na je, mkikuja kushika mimba yenu baadaye huyu atabaki mtoto wa kwanza kweli kweli ama atageuka mgeni kwa nyumba? Mmoja wenu akisita msimsukume, ngojeni. Bwanangu alichukua karibu mwaka mzima na sijuti kumngoja hata siku moja, maana korti inawataka nyote wawili na mtoto anawataka nyote wawili.

Sheria inayotumika saa hii ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001. Kwa wanandoa wanaoomba pamoja, angalau mmoja awe amefika miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 ama zaidi, na asiwe amefika 65. Hakuna mahali imeandikwa lazima uwe tajiri ama uwe na nyumba yako, sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili Donholm.

Alafu sasa mnaenda shirika lililosajiliwa. Hapa Nairobi yanayojulikana ni kama Little Angels Network, Child Welfare Society of Kenya, Kenya Children's Home na Buckner, lakini kabla mjaze fomu ulizeni Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto kama usajili wa hilo shirika bado uko sawa. Mtaombwa vitambulisho, cheti cha ndoa, ripoti ya daktari ya wote wawili pamoja na kipimo cha HIV, cheti cha tabia njema cha polisi (hicho mnaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, alafu mnaenda kutolewa alama za vidole), payslip ama karatasi za biashara, taarifa ya benki, na barua za watu wanaowajua. Ulizeni ada zote mpewe zimeandikwa, mlipe kwa akaunti ya shirika na mpewe risiti.

Watu huogopa sana ile siku afisa wa shirika anakuja nyumbani. Mimi nilipaka ukuta rangi, nikanunua mapazia mapya, nikaosha mpaka nje ya geti, na yule dada akaja akaketi akauliza vitu tofauti kabisa: nyinyi mkikosana mnasuluhisha aje, ulilelewa aje, nani atabaki na mtoto ukienda kazi, mama mkwe anasema nini. Atarudi tena na tena. Usimdanganye, hata kuhusu huzuni ya mimba zilizopotea, juu hiyo huzuni ikifichwa inakuja kumwangukia mtoto. Baada ya hapo ripoti yenu inaenda kwa kamati ya shirika, na wakiwakubali ndo mnaingia kwa foleni ya kungoja. Wanaosema "mchanga na msichana tu" kawaida wanangoja zaidi.

Na hapa kwa kungoja ndo shetani hupitia. Mtu atakupigia, ooh kuna msichana wa shule amejifungua hospitali fulani, hataki mtoto, toa kitu kidogo uende naye leo. Nilipigiwa hiyo simu, na nakiri moyo wangu uliruka. Jamani kataeni. Mtoto wa kununuliwa anaweza kuwa ameibwa kwa mama anayemtafuta hadi leo, na Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 ama faini isiyopungua shilingi milioni 30. Ukipata habari kama hiyo piga 116, ile laini ya kusaidia watoto, ni bure.

Mtoto halali ana karatasi yake inayosema yuko huru kuasiliwa, na hiyo hutolewa baada ya mtoto kufikisha angalau wiki sita. Kama ni mama mwenyewe anamtoa, ridhaa yake haichukuliwi kabla ya hizo wiki sita, na mimi naona hiyo ni haki kabisa, apewe nafasi ya kufikiri. Kama aliokotwa, lazima polisi watafute watu wake kwanza, alafu wakikosa waandike barua ya mwisho kusema hawakupatikana. Ombeni kuziona hizo karatasi, si utovu wa adabu.

Siku mnaitwa kumwona, ulizeni historia ya afya yake yote. Kitu kimoja hakuna mtu alikuwa ametuambia: mtoto wa mama mwenye HIV anaweza kuonyesha kipimo cha kawaida kuwa pozitifu mpaka karibu miezi 18 na asiwe ameambukizwa, juu ni kinga ya mama bado iko kwa damu, kwa hivyo kinachoaminika kwa mdogo ni kile kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Kuna watoto wazima kabisa wanakataliwa kwa kutojua tu hii.

Kama umeajiriwa, mwandikie mwajiri angalau siku 14 kabla mtoto hajaingia nyumbani, uambatanishe barua ya shirika. Tangu 2021 sheria ya ajira inakupa mwezi mmoja wa likizo na mshahara kamili, na maofisi mengi hayajui, kwa hivyo usingoje kuambiwa. Ichukue yote. Wiki ya kwanza wetu hakulala, alikuwa amezoea chumba cha vitanda vingi na kelele, kimya cha nyumba yetu kikawa kinamwogopesha, mpaka tukaanza kuacha redio chini chini usiku.

Mtakaa naye miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi kortini, na shirika linaendelea kuwatembelea. Hapo mtahitaji wakili aliyewahi kufanya hizi kesi. Korti inateua mlezi wa muda wa kumsimamia mtoto kwenye kesi, ofisi ya serikali ya Huduma za Watoto inaandika ripoti yake, na nyinyi mnataja mtu atakayemlea mkifa ama mkishindwa. Huyo mtu muongee naye mapema, asisikie jina lake kwa karatasi. Kesi inasikizwa faraghani, jaji mbele yenu tu, si korti ya watu wengi. Yetu, kwa korti ya Milimani, iliahirishwa mara mbili na nilikuja nimevaa lile gauni moja mara zote tatu. Amri ikitoka, mtoto ni wenu kama mliyemzaa, hata kwa urithi, na jina linaingia kwa Rejista ya Watoto Walioasiliwa kwa Msajili Mkuu, fuatilieni cheti chake wenyewe msiachie wakili.

Familia waambieni kabla mtoto hajafika. Mama mkwe aliposikia aliuliza "damu ya nani?" akanyamaza wiki tatu, na bwanangu ndiye alipanda gari hadi Murang'a kuongea naye, juu huyo ni mamake na hayo maneno hayakuwa yangu kuyabeba. Na mtoto mwenyewe mwambieni angali mdogo, kidogo kidogo, hadithi yake aijue kabla jirani hajamwambia. Wetu ana miaka minne, kila usiku anataka ile sehemu ya siku tulienda kumchukua, cucu (nyanya yake) akafika jioni na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, kama anavyopelekewa mama aliyejifungua, na nikisahau kutaja njahi ananirudisha nyuma.