Namna ya kuchagua neno badala ya "give up": umeacha, umesalimu amri au umekata tamaa?

Ukifungua kamusi ya visawe ya Kiingereza kwenye "give up", inakumwagia "quit", "stop", "surrender", "abandon", "resign", "renounce", "relinquish", "yield", yote mstari mmoja, kana kwamba ukiokota lolote umepata. Ndipo mtu anaandika katika barua ya maombi ya kazi "I surrendered my studies", na anayeisoma anabaki kujiuliza ni polisi gani walimzingira huko chuoni. Kazi yangu ni kuhariri Kiingereza cha watu wanaofikiri kwa Kiswahili, na huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Hatua ya 1: Iseme kwanza kwa Kiswahili

Kamusi iweke kando kwanza. Tamka kwa Kiswahili kile hasa unachotaka kusema. Kuacha, kuachia, kutelekeza, kukata tamaa, kusalimu amri, kujiuzulu, kung'atuka, kukana, kususa: hakuna anayeijua lugha hii akachanganya kuacha sigara na kutelekeza mtoto. Ukishakipata kitenzi chako, kiulize mambo matatu. Kinachoachwa ni nini? Yupo anayekipokea? Na anayeacha kaamua mwenyewe au kabanwa? Majibu hayo yatakata zaidi ya nusu ya maneno ya kwenye kamusi.

Hatua ya 2: Kama ni tabia au shughuli

Hapa ugomvi ni kati ya "stop", "quit" na "give up" yenyewe.

"Stop" inasema tu kwamba jambo limekoma. Huenda litaanza tena baada ya chai. "Give up" inaongeza kwamba kitu kilikuwa kinapendwa, au kukiacha kumegharimu. Kwa hiyo mtu anaweza "give up" sukari, pombe, hata mpira wa Jumamosi, lakini hawezi "give up" maumivu ya jino. "Quit" ni ya ghafla zaidi, ina ladha ya Kimarekani, na ikisimama peke yake, "He quit", mara nyingi msikilizaji ataelewa kwamba ni kazi iliyoachwa, pengine kwa hasira.

Angalia mtego wa sarufi. Sisi tunasema "kuacha kuvuta sigara", na ile "ku-" inatusukuma tuandike "give up to smoke". Kiingereza kinataka "give up smoking". Kwa "stop" kosa hili ni baya zaidi, maana "He stopped to smoke" ni sentensi sahihi kabisa yenye maana iliyopinduka: alisimama ili avute.

Ndugu wa karibu hapa ni "forgo". Hiyo ni ya kujinyima kitu ambacho bado hujakipata: unaweza "forgo" chakula cha mchana ili uwahi kikao. Haina "e" katikati.

Hatua ya 3: Kama yupo anayepokea

"Surrender" ni neno la nguvu na sheria. Kuna upande wa pili, na upande huo unapokea: silaha, pasipoti mahakamani, mtuhumiwa anayejisalimisha. Ukiona hakuna mpokeaji, liache.

Mfano unaoitofautisha vizuri na "give up" ni wa Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na jeshi lake waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Mtu akiandika "They gave up", msomaji ataona askari waliochoka wakakata tamaa. Sivyo ilivyokuwa, walikuwa bado wanapigana habari za Ulaya zilipowafikia. Kwa hiyo "They surrendered": walisalimu amri, na neno halisemi lolote kuhusu mioyo yao.

"Relinquish" ni ya makaratasi: kuachia umiliki, haki au udhibiti, bila bunduki wala machozi. "Yield" ni kumpisha mwenye nguvu au mwenye haki zaidi, na Wamarekani wameliandika kwenye alama ya barabarani, pale ambapo Mwingereza kaandika "Give way". "Renounce" ni kukana kwa tamko. Ndilo lililomo katika kiapo cha uraia wa Marekani, ambapo mwapaji anaukana utii wake kwa nchi nyingine. Na chuo kikikusamehe ada ya maombi, kime-"waive". Usiandike kwamba "they gave up the fee", kwa sababu itasikika kama waliidai wakashindwa kuipata.

Ila ukimpisha mama mjamzito kiti kwenye daladala, mpokeaji yupo na bado neno ni "give up" ("I gave up my seat to her"). Ukisema "surrendered" watu watacheka, labda kama ndiyo nia yako.

Hatua ya 4: Kama ni cheo

Mwalimu Nyerere peke yake anatosha kwa somo hili. Januari 1962 aliacha uwaziri mkuu wa Tanganyika wiki chache tu baada ya uhuru: hapo ni "resigned", alijiuzulu. Mwaka 1985 aliondoka kwenye urais bila kugombea tena, akampisha Mwinyi: hapo ni "stepped down", na Watanzania walipata neno "kung'atuka". Ukiandika "resigned" kwa 1985, msomaji ataanza kutafuta kashfa.

"Abdicate" ni ya wenye taji, kama Edward wa Nane wa Uingereza mwaka 1936. Lakini lazima mwenyewe alivue. Sultani Jamshid wa Zanzibar hakufanya hivyo Januari 1964; alipinduliwa, "was overthrown".

Na "resign oneself to" ni kitu kingine kabisa: kukubali yaishe.

Hatua ya 5: Kama ni moyo

"Lose hope" ni kukata tamaa kwa kawaida. "Despair" ni nzito, ya vitabuni zaidi, na huchukua "of". "Give up on" humhusu mtu au jambo ulilokuwa ukilitegemea: "Her teachers gave up on her", walimu walimkatia tamaa. Ukiiondoa "on" sentensi inageuka, "Her teachers gave her up", kana kwamba walimkabidhi kwa mtu.

"Abandon" ina lawama ndani yake ikiwa ni mtu au mnyama: ni kutelekeza. Ikiwa ni mpango au msako, lawama hupungua.

Kuna pia kushindwa kwa mchezo. Kitendawili kikitegwa na wote wakakwama, mtegaji anadai apewe mji. Kwa Kiingereza anayeshindwa anasema "I give up!" na hakuna kisawe kinachofaa hapo. Usiliguse.

Hatua ya 6: Kagua viungo

Kiwakilishi kinakaa katikati: "give it up", kamwe si "give up it". "Resign" huchukua "from" kwa mahali na "as" kwa cheo. "Quit" kwa kawaida haibadiliki katika wakati uliopita. "Abandon" na "relinquish" lazima zifuatwe na kitu, huwezi kusema "He abandoned" ukaishia hapo.

Hatua ya 7: Amua kama kweli ubadilishe

Wengi wamefundishwa kwamba vitenzi vya maneno mawili ni vya mtaani, basi wanavifuta vyote kwenye barua rasmi. Mimi siungi mkono. Chukua "I gave up my job to look after my mother". Ukiweka "resigned from", umepata utaratibu: barua iliandikwa, ikapokelewa. Umepoteza habari kwamba kazi hiyo ulikuwa unaipenda. Kwenye fomu ya ajira andika "resigned". Kwenye maelezo binafsi ya kuomba nafasi ya masomo, ambako wanataka kukujua wewe ni nani, iache "gave up" ilivyo.