Laptopu Umelipia, Office Haimo: Nilivyodai Changu, Nawe Udai Vipi

Kazi yangu ni kuchapa. Nina meza mbili, printa moja na mashine ya kutoa kopi katika kibanda karibu na mahakama za Mombasa. Wateja wangu ni watu wa hati za kiapo, mikataba ya nyumba na, muhula ukifika, walimu wenye mitihani. Mwezi wa Januari nilinunua laptopu ya ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, kwa shilingi 42,000 katika duka moja mjini. Kabla sijaenda, kijana wa kaunta aliniandikia kwenye WhatsApp: "Mamangu hii inakuja na Windows 11 orijino na Office ya maisha, wewe ni kufungua tu na kuchapa." Ujumbe huo nusura niufute, maana simu yangu hujaa upesi.

Wiki ya saba, jioni, mwalimu amesimama nyuma yangu na mtihani wa Sayansi wa kurasa nane. Ghafla vitufe vya juu vya Word, ile programu ya kuchapa iliyo ndani ya Office, vikageuka rangi ya majivu. Naandika, haiandiki. Hati inafunguka, inasomeka, hata kuprinti inakubali, ila kubadilisha hata herufi moja haikubali. Pale juu pameandikwa kwa Kiingereza kwamba programu haina leseni.

Likikufika hili, usikimbilie kwa fundi. Najua jirani yako ana mpwa wake anayeweza "kukuwekea" kwa mia tano, na kazi imekukaba. Ngoja. Akishaifuta ile iliyokuwemo na kupakia nyingine, ushahidi umekwenda, na muuzaji atakwambia wewe ndiwe uliyeharibu. Mimi usiku ule mtihani wa mwalimu niliumalizia kwenye kompyuta ya zamani yenye LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali, na ile mpya nikaifunga kama ilivyo.

Asubuhi yake nilikaa nayo kwa utulivu. Fungua Word, bonyeza File, kisha Account. Ukurasa huo ndio unaotoa siri zote. Utaona kama programu imeidhinishwa au la, utaona ni toleo la kulipia kila mwaka au la kununua mara moja, na chini ya maneno "Belongs to" utaona anwani ya barua pepe ya mwenyewe. Mimi sikukuta yangu. Nilikuta anwani ya mwanafunzi wa chuo fulani cha ng'ambo, jina nisilolijua kabisa. Hiyo "Office ya maisha" ilikuwa maisha ya masomo ya mtu mwingine. Chuo kilipomfungia akaunti, nami nikafungiwa. Baya zaidi, Word iliyoingizwa akaunti namna hiyo hupenda kuhifadhi hati kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mwenye akaunti. Wiki saba nimechapa hati za kiapo za watu, zenye namba za vitambulisho na majina ya watoto. Nilipoelewa hilo, mikono ilinitetemeka.

Windows nayo ina kipimo chake. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Kidirisha kidogo kitajitokeza. Kikisema imeidhinishwa kwa kudumu, vizuri. Kikikupa tarehe ya kumalizika, ujue leseni hiyo ni ya mtindo wa makampuni na mashirika, ambayo huhesabu siku 180 kisha hutaka kufanywa upya, na kwenye mashine ya duka la mtaani karibu kila mara imepatikana kwa ujanja wa programu ya kuvunja kufuli. Programu hizo hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo zifanye kazi. Hebu fikiria mlinzi anayeambiwa alale ili fundi aingie. Yangu ilitoa tarehe.

Piga picha kila kidirisha kwa simu, siyo picha ya skrini pekee, ili mashine yenyewe ionekane. Geuza laptopu upige picha nambari yake iliyo chini. Kisha kusanya ahadi: ujumbe wa WhatsApp, tangazo la duka kama bado lipo, risiti, na ujumbe wa M-Pesa. Huu wa M-Pesa watu huudharau, kumbe una siku, saa, kiasi na jina la biashara iliyopokea. Ndiyo maana usikubali kamwe kulipa kwenye namba ya kijana wa kaunta badala ya till ya duka, hata akikwambia mtandao una shida. Siku ya ugomvi duka litasema halikupokea senti.

Sasa sheria, kwa ufupi, kwa sababu muuzaji akiona unaijua hubadilika sauti. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua, na ya fidia akipata hasara kwa kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaingia ndani zaidi: kusema bidhaa ina sifa, uwezo au vikorokoro ambavyo haina ni udanganyifu, na makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu mnunuzi anaweza kuyavunja, yawe ya maandishi au ya mdomo, mradi atoe taarifa ndani ya mwaka mmoja. Kama mashine haiwezi tena kurudishwa, unadai tofauti kati ya ulicholipa na thamani ya ulichopata. Na yale maandishi ya chini ya risiti, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", hayana nguvu juu ya haki hizi. Duka haliwezi kukuvua haki ya sheria kwa muhuri wa mpira.

Nilikwenda dukani Jumatatu, saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Kijana alinichangamkia.

"Karibu mamangu! Ni Office tu? Niachie dakika kumi, nikuwekee nyingine."

"Mwanangu, nyingine ya nani?"

Akacheka. "Mama, hizi zote ni hivyo hivyo. Mombasa nzima."

"Nionyeshe iliyoandikwa jina langu."

Hakuwa nayo. Hapa ndipo wengi huanguka. Dakika kumi zile zinavutia kwa kuwa zinamaliza shida ya leo, na unaondoka umeshukuru. Ila ukikubali umepokea kitu kingine cha wizi badala ya ulichonunua, siku zimeanza kuhesabiwa upya, na mara ya tatu atakwambia mbona mara ya pili uliridhika. Tena wewe ndiwe unayekaa na programu ya wizi mezani, na Sheria ya Hakimiliki inaweza kukugusa hata kama si wewe uliyeipakia. Kataa kwa upole. Sikumpandishia sauti; yeye ni mtoto wa kuajiriwa. Nilimwomba jina la meneja na nikamwachia barua, nakala yangu akaigonga muhuri na kuandika tarehe. Asingeigonga, ningeipiga picha na kuituma kwa namba ileile ya WhatsApp aliyoniahidia.

Barua yangu ilikuwa hivi, ichukue uigeuze:

"Kwa Meneja. Tarehe 9 Januari nilinunua kwenu laptopu yenye nambari iliyotajwa kwenye risiti, kwa shilingi 42,000. Kabla ya kununua, mfanyakazi wenu aliniandikia kwamba ina Windows 11 orijino na Office ya maisha. Nimeambatisha ujumbe huo. Office iliyomo imesajiliwa kwa mtu nisiyemjua na imeacha kufanya kazi. Windows iliyomo ina tarehe ya kumalizika. Nimeambatisha picha. Ndani ya siku 7 nataka moja kati ya haya: mnipatie leseni halali ya kudumu ya Office iliyosajiliwa kwa barua pepe yangu, pamoja na Windows halali, au mchukue mashine na kunirudishia shilingi 42,000. Sitapokea programu ya majaribio, ya akaunti ya mtu mwingine wala iliyovunjwa kufuli. Siku hizo zikipita nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo na kuripoti kwa Mamlaka ya Ushindani."

Hakuna tusi, hakuna "mmeniibia". Tarehe, kiasi, ahadi, kilichokosekana, unachotaka, siku ngapi.

Hiyo mahakama si kitisho cha bure. Mahakama ya Madai Madogo ilianza Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na Mombasa ipo pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Haishikilii masharti magumu ya ushahidi, kwa hiyo ujumbe wa simu una pa kusimama. Kitu kimoja kinachowaangusha watu hapo, nawaona kila wiki wakija kwangu kuchapiwa upya: wameshtaki jina la bango badala ya jina lililosajiliwa. Tazama jina lililo kwenye ujumbe wa M-Pesa na kwenye risiti ya ushuru, na ukiwa na shaka tafuta usajili wa biashara kupitia eCitizen. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya matangazo ya uongo, ila kazi yake ni kumchunguza mfanyabiashara. Ukitaka pesa zako, elekea mahakamani. Wenzetu wa Tanzania bara, mlango wa kubisha ni Tume ya Ushindani, FCC.

Mimi sikufika huko. Siku ya sita mwenye duka alinipigia mwenyewe. Alianza kwa kunieleza ugumu wa biashara, nikamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza leseni gani natosheka nayo. Nikamwambia Home & Business, kwa kuwa nachapa kwa biashara na ile ya Home & Student haiiruhusu. Akaguna, akalipa. Kadi ilikuja na msimbo, nikauingiza mimi kwa akaunti yangu, macho yake yakiona.

Windows ndiyo iliyonichekesha. Fundi wao mkubwa alipoifuta na kupakia safi, bila ujanja wowote, ilijiidhinisha yenyewe ilipopata intaneti. Laptopu nyingi za ex-UK zilitoka kwenye maofisi zikiwa na leseni halali ya Windows iliyofungwa kwenye bodi ya mashine yenyewe. Duka lilikuwa limepakia nakala ya wizi juu ya kitu halali kilichokuwamo tayari, kwa sababu nakala moja kwa mashine ishirini ni haraka.

Ukiwa bado hujanunua, fanya yale majaribio mawili palepale kaunta, File na Account, kisha slmgr, kabla hujatoa simu kulipa. Uliza pia kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta: Windows 11 rasmi kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8, na maduka huilazimisha kwenye mashine za kizazi cha 6 kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na mwambie aandike kwenye risiti, kwa kalamu, "Office, leseni ya kudumu, kwa akaunti ya mnunuzi". Akisita kuandika, umeshajibiwa.

Kabla mashine haijafutwa, niliketi siku nzima nikihamisha hati za wateja kwenye flashi na kuitoa ile akaunti ya mwanafunzi kila mahali ilipojificha. Wale tisa ambao nilikuwa na namba zao niliwapigia, nikawaambia hati zao huenda zilipitia kwenye akaunti ya mtu mwingine. Wawili walinikasirikia, na walikuwa na haki.